Fundi Fortunata Ateremka Kwenye Joto

Simu ilikatwa kabla Fortunata Huarachi hajapata neno la kumrudishia yule mwanamke, na hilo lilimkera kuliko maneno yenyewe. Alibaki amesimama katikati ya karakana yake, mkono mmoja simu, mkono mwingine spana namba kumi na mbili, mashavu yamemwiva kwa hasira.

"Nani huyo?" aliuliza don Melitón Calizaya kutoka ng'ambo ya barabara. Yeye ni muuza matairi, na kutwa nzima hukaa juu ya mali yake.

"Mkwe wangu."

"Yule wa bondeni?"

"Kwani ninao wangapi?"

Maneno ya mkwe, doña Asunta Cuéllar, yalikuwa haya: "Mkwe wangu, mtoto nywele zimemfika kiunoni. Huku siyo huko kwenu kwenye barafu. Huku jua linamla mtoto, shingo nzima vipele. Jumapili hii saa sita mchana mkasi unaingia. Ukiwepo utakata wewe. Usipokuwepo nitakata mimi, na tusilaumiane." Kisha tii, simu ikakatwa.

Sasa, sisi watu wa mlimani mtoto hatumkati nywele tangu kuzaliwa mpaka siku yake ya kukatwa, na shungi la kwanza huwa lina mwenyewe wa kulikata. Shungi la kwanza la Danitza, mjukuu wa pekee wa Fortunata, lilikuwa la Fortunata. Binti yake Yobana alimwahidi siku ile ile mtoto alipozaliwa. Miaka mitatu mtoto anafuga nywele akimngoja bibi, na bibi haonekani.

Kisa chenyewe kila mtu mtaani kwetu, hapa Oruro, anakijua. Yobana alipata kazi ya uuguzi bondeni, Buena Vista, akampata huko huko Róger, mtoto wa doña Asunta, akaolewa. Fortunata alisimama hapo mlangoni pa karakana akaapa, sote tukisikia, kwamba hatakanyaga nchi ya mbu na mihogo hata kwa dawa. Harusini hakwenda. Alisema basi humtapisha. Na ni kweli humtapisha, hata likiwa limeegeshwa. Lakini mtaani tulikuwa tunatazamana tu.

"Sasa utafanyaje?" aliuliza don Melitón.

"Nitakwenda."

"Kwa basi?"

"Kwa pikipiki."

Don Melitón alicheka mpaka tairi likambiringika chini yake, akaanguka chali. Fortunata hakumpa hata mkono wa kumwinua.

Tusimcheke lakini. Huyu ni mwanamke wa miaka hamsini na mitatu, anayefunga sketi za marinda tano kwa mpigo na kulala chini ya pikipiki nazo, halafu anainuka bila doa. Mumewe Eusebio ndiye aliyekuwa fundi; yeye alikuwa akimshikia tochi. Eusebio alipofariki, miaka kumi na mmoja iliyopita, wateja walikuja kuchukua pikipiki zao mmoja mmoja, kwa heshima, wakimpa pole na kukwepa macho yake. Wiki mbili baadaye wale wale walirudi wakizisukuma. Kumbe kule kushika tochi miaka ishirini, macho nayo hayakuwa yamelala.

Sifa yake kubwa ilikuwa urefu wa mlima. Pikipiki zinazopanda kutoka chini hufika kwetu zinakohoa, moshi mweusi, hazina nguvu ya kumpita hata kondoo. Wenyewe huja wamechanganyikiwa, wengine wageni wenye mabuti ya bei kali, na Fortunata huwahubiria mahubiri yale yale, neno kwa neno. "Pikipiki nayo ina mapafu. Hewa yetu ni nyepesi. Kule kwenu ilikuwa inakula petroli sahani moja na hewa sahani moja. Huku hewa ni nusu sahani, na wewe bado unaipakulia petroli ile ile. Itaacha kuvimbiwa?" Halafu hufungua kabureta, anatoa jeti, kile kimsumari cha shaba chenye kitundu cha kupimia petroli, anaweka chenye kitundu kidogo zaidi. Pikipiki inawaka inaimba. Watu wamembusu mikono kwa ajili ya kile kitundu.

Ilikuwa Jumatatu. Kuondoka ilikuwa lazima Ijumaa alfajiri, maana ni kilomita karibu mia sita, na pikipiki yake nyekundu ya cc mia moja na hamsini haijawahi kupita Challapata, mwendo wa saa mbili tu kutoka kwetu.

Basi alianza. Jumatatu hiyo hiyo aliivua cheni, akailaza kwenye dizeli, akaisugua kwa mswaki pingili baada ya pingili. Jumanne alizigonga spoku zote kwa spana akisikiliza: ile inayolia vizuri anaiacha, ile inayolia kibubu anaikaza. Alipitisha waya mpya wa klachi ubavuni mwa waya wa zamani, akaufunga kwa utepe, ili ule wa zamani ukikatika njiani asiwe na kazi ya kupenyeza kitu gizani; ni kuchomoa huku na kuchomeka kule. Breki nazo alizibadilisha, ingawa zilikuwa na uhai wa miezi sita bado.

"Hizo breki ungemwachia nani?" don Melitón alimtania. "Unazirithisha?"

"Nateremka mita elfu tatu, don Melitón. Wewe teremka kwa miguu yako uone kama hutatafuta breki."

Don Melitón alijiteua mshauri wa safari bila kuombwa. Safari ndefu kuliko zote maishani mwake ilikuwa ya kwenda Cochabamba kung'olewa jino, lakini alikuwa na maoni kuhusu kila kitu. Alitoa tyubu mbili mpya dukani kwake na kukataa kabisa kulipwa. Alimfundisha kubeba viraka vikavu mbali na gundi. Alimlazimisha abandue tairi la nyuma mwenyewe, kwa vyuma viwili tu na bila stendi, huku yeye kashika saa.

"Dakika ishirini na sita! Mvua ingekuwa imekuosha na sabuni!"

"Ungekaa kimya ingekuwa kumi na tano."

Alirudia. Dakika kumi na nane. Alirudia tena, magoti yakimwaka moto, akapata kumi na mbili, na wote wawili wakapiga makofi barabarani hapo mpaka mwenye duka la betri akatoka kuuliza nani kazaliwa.

Jumatano alipanga foleni ya petroli asubuhi nzima. Aliichuja kwenye soksi ndefu ya nailoni, akajaza tangi na chupa mbili za soda za kufunga nyuma. Masanduku ya pembeni aliyakata kutoka madebe ya mafuta ya kupikia, akayatoboa, akayafunga kwa boliti na kuweka mpira chini ili yasilie.

Mtaa mzima ukaingia. Mke wa mwenye betri alileta magazeti ya kuvaa kifuani chini ya koti. Mwingine alileta mifuko ya nailoni ya kuvaa juu ya soksi. Kila aliyepita alikuwa na neno la baridi: kule juu Caihuasi upepo unakata masikio, vaa hivi, funika pale, kunywa kitu cha moto kabla ya kupanda. Fortunata alivitia vyote. Akaongeza na jeti sita za akiba, ndogo tupu, ikiwemo moja ndogo mno kwa ajili ya kileleni kabisa, endapo injini itabanwa pumzi. Hakuna kilichosahauliwa. Hivyo ndivyo tulivyoamini mtaa mzima.

Alhamisi don Melitón alitamka sheria yake. "Pakia kila kitu. Zunguka mtaa mara moja. Rudi, toa nusu."

Fortunata alipakia, akazunguka, na kwenye kona ya kwanza pikipiki ikataka kukaa kama nyumbu aliyegoma. Alirudi akatoa jeki, akatoa blanketi la tatu, akatoa sufuria. Kofia yake nyeusi ya sherehe haikutoka. Ilikuwa na sanduku lake peke yake lenye pamba, inalindwa kuliko vifaa. Na gunia la chuño halikutoka. Vile viazi vyetu vilivyogandishwa kwa barafu na kukanyagwa mpaka vikawa vyepesi kama kokoto za jivu, kilo nane, pamoja na nyama kavu ya llama, mnyama wetu wa mizigo.

"Watu wa bondeni hawali hivyo," alisema don Melitón.

"Watakula."

"Doña Asunta atakurushia."

"Akinirushia nitajua ana nguvu, maana kula mihogo kila siku nilidhani amelegea."

Kisha wakaipamba. Maua mekundu na manjano kwenye usukani, karatasi za rangi kwenye taa, na pombe kali wakamnywesha Mama Ardhi kwanza, wakiimwaga chini, halafu tairi la mbele, la nyuma, injini, na tone moja kila sanduku. Don Melitón alimwaga pia kwenye buti la Fortunata akisema nalo litafanya kazi. Fataki zikalia, mbwa wakakimbia. Wakati watu wote wanacheka, don Melitón alimsogelea akamwambia kwa sauti ya chini, "Ukimwona binti yako, usianze na basi."

Fortunata aliinama akakaza upya kamba ya gunia.

Ijumaa alfajiri aliondoka amevaa suruali mbili chini ya sketi, magazeti kifuani, miguu kwenye nailoni. Na jamani, ile siku ya kwanza! Kila kitu walichokiandaa kilifanya kazi. Kule juu theluji nyembamba ilimpiga usoni, na magazeti yakaiacha baridi nje ya mbavu zake. Injini ilipanda bila kukohoa hata mara moja, huku malori yakijikokota kando yake. Alipiga kelele ndani ya helmeti peke yake, kelele za furaha tu, kwa sababu hakuna mtu aliyemsikia na kwa sababu katika miaka yote ya kuzitengeneza safari za wengine hakuna aliyemwambia kwamba ni raha kiasi hiki. Jioni alilala Cochabamba, akala sahani mbili za supu, akalala kama gogo.

Jumamosi mchana barabara ilianza kuteremka ndani ya ukungu, milima ikageuka kijani, na hewa ikawa nzito na yenye maji. Alisimama kuvua magazeti. Kilomita kumi mbele akasimama kuvua koti. Halafu nailoni, halafu suruali moja. Kila aliposimama watoto wa barabarani walikuja kutazama mwanamke anayejimenya.

Na pikipiki ikaanza kupiga chafya. Akiifungua moto iende kasi, inasita, ekzosi inalipuka pa! pa! na joto la injini linampanda magotini.

"Petroli yao," alisema kwa sauti, maana jana aliongeza kituoni. "Wanatia maji, wezi hawa." Akashusha tangi zima, akachuja upya kwenye soksi. Pikipiki ikaenda vile vile. Akalala Villa Tunari amenuna, akizitupia lawama mashine za petroli, mvua, na watu wa bondeni kwa jumla.

Jumapili saa nne kasoro, zikiwa zimebaki kilomita tisini, pikipiki ilizima kabisa. Ilikuwa imechemka kiasi kwamba ua la mwisho lililobaki kwenye usukani lilikuwa limenyauka. Fortunata aliisukuma kivulini, akangoja ipoe, akafungua plagi. Akaitazama.

Plagi ilikuwa nyeupe. Nyeupe pee, kama chaki.

Plagi ya namna ile alikuwa amewaonyesha wateja kwenye picha tu, kwa sababu kwetu huwa hazitokei. Zetu hutoka nyeusi kwa masizi. Nyeupe maana yake injini inakula hewa tele na petroli kiduchu, inajichoma yenyewe. Na kwa nini iwe inakula petroli kiduchu? Kwa sababu ndani mna kitundu kidogo. Nani alikiweka? Yeye. Kitundu cha mita elfu tatu na mia saba, na yuko mita mia tatu, hewa imejaa sahani mpaka inamwagika.

"Mimi!" alisema. "Mimi Fortunata!"

Jeti sita za akiba, zote ndogo. Angekuwa amemkuta mgeni yeyote na kosa hili angemhubiria saa nzima. Alikaa chini kwenye majani, akashika kichwa. Mwanzoni alitaka kulia, na machozi mawili matatu yalitoka kweli, maana saa ilikuwa inakwenda na mkasi ulikuwa unangoja. Kisha akamkumbuka don Melitón na mtaa mzima, wazee kwa vijana, kila mmoja na gazeti lake, na hakuna hata mmoja aliyefikiri kwamba chini kuna hewa. Kicheko kikamjia kutoka tumboni. Muuza ndizi wa ng'ambo akamwita mwenziwe waje waone.

Alipomaliza kucheka alifanya kazi. Choki, kile kikono cha kuiongezea injini petroli asubuhi za baridi: alikivuta nusu, akakifunga hapo kwa ukanda wa tyubu kuukuu. Kama kitundu hakitoi petroli ya kutosha, basi itaingia kwa mlango wa jikoni. Akaiwasha. Ikasita, ikanguruma, ikatulia. Hakuifungua moto. Kilomita arobaini na tano kwa saa, hazizidi hata moja, malori yakimpita na kumpigia honi, yeye akiimbembeleza, "Polepole mama, polepole, tunafika."

Alifika Buena Vista saa sita na dakika ishirini na tano.

Aliingia uani na pikipiki, matope mpaka kwenye nyusi. Meza imetandikwa, watu wamekaa kuizunguka, na katikati, kwenye kiti cha mikono, doña Asunta, mwanamke mnene mwenye upepeo, mkasi uko mapajani. Fortunata alivua helmeti. Alikitazama tu kichwa cha mtoto aliyejificha nyuma ya kiti, na nywele zilikuwepo zote, mpaka kiunoni.

"Umewahi, mkwe wangu," alisema doña Asunta. "Bado robo saa."

Fortunata aligeuka kutazama saa ya ukutani. Ilisema saa sita kasorobo.

"Ile saa imekufa, mama," alisema Yobana kutoka mlangoni. Alikuwa anacheka na kulia. "Amechomoa betri. Anayo mkononi tangu wakati huo, na kila mtu akimuuliza anamfukuza."

"Mwongo," alisema doña Asunta, akakunja kiganja zaidi. "Na hilo gunia ni nini? Mawe?"

"Chakula."

"Mungu wangu."

Fortunata alimwendea binti yake. Alikuwa ametunga hotuba njia nzima na yote ilimtoka. "Basi hunitapisha kweli," alisema, halafu akajikatiza. "Hapana. Nilikasirika kwa sababu uliniacha peke yangu. Miaka yote hiyo nilikuwa nimekasirika tu, mwanangu. Nisamehe."

Yobana alimkumbatia na matope yake yote.

Basi wakamweka mtoto kitini. Hakuwekeka. Danitza alimwona yule mwanamke mgeni mwenye uso wa udongo anachukua mkasi, akapiga ukelele mmoja, akarudi nyuma ya kiti cha Asunta. Wakampa pipi, akaichukua, hakutoka. Róger akamwimbia. Wapi! Yobana akamwambia, "Huyu ndiye bibi wa kwenye simu." Mtoto akachungulia, akaiona misuko miwili mirefu ya Fortunata iliyofika chini ya mkanda.

"Akate zake kwanza," alisema.

Watu wakacheka, kisha wakanyamaza mmoja mmoja, kwa sababu Yobana hakucheka. Wanawake wetu hawakati nywele. Ile misuko mama yake Fortunata ndiye aliyeianza, na hata mwaka wa msiba wa Eusebio haikuguswa. Doña Asunta, ambaye hakuyajua hayo, aliusoma uso wa Yobana na kuacha kujipepea.

Fortunata alipiga magoti uani. Aliuvuta msuko wa kulia ukaja mbele, akautia mkasi kwenye kiganja kidogo cha mtoto, akafunga vidole vyake juu ya vile vidole. Wakakata pamoja. Kipande cha urefu wa shubiri kilidondoka, nywele nyeusi kwa mvi.

Danitza alikiokota, akakigeuza, akakinusa. "Inauma?"

"Haiumi hata kidogo."

Mtoto akafikiri. Kisha akaja mwenyewe, akampa bibi yake mgongo, akakaa mapajani mwake hapo hapo chini kwenye vumbi. Fortunata alishika shungi la kwanza. Mikono iliyofungua kabureta za watu miaka kumi na mmoja haikujua mkasi uanzie wapi, ikabidi Yobana apige magoti nyuma yake na kuushika pamoja naye, wakakata wote wawili.